Setilaiti zinaweza kutuonya kabla ya tetemeko? Jibu kwa dada wa Bukoba

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Bukoba, lile tetemeko la 2016 lilinikuta jikoni, nyumba yetu ikapata nyufa na mpaka leo mtoto wangu mkubwa akisikia lori zito linapita anashtuka. Juzi kwenye grupu la familia wamefowadi sauti ya mtu anasema wanasayansi wamegundua mvutano wa dunia unapungua siku kadhaa kabla ya tetemeko kubwa, setilaiti zinaona, na serikali zinajua ila zinaficha. Anasema hata mtu mwenyewe unaweza kujisikia mwepesi, na ndo maana mbwa na ng'ombe wanahangaika. Kasema pia mwezi mpevu ndo hatari zaidi, na kuna app unaweka kwenye simu inapima mvutano. Nimeipakua, namba zinapanda zinashuka muda wote, usiku wa mwezi mpevu sikulala kabisa. Naomba unieleze, hii kitu ipo au haipo? Na kama ipo mbona sisi hatuambiwi?"

Marahaba dada yangu, na pole sana. Kukesha unaangalia namba kwenye simu huku watoto wamelala kwenye nyumba yenye nyufa sio jambo dogo, kwa hiyo sitakujibu kwa mkato kwamba ni uzushi halafu basi, maana sio uzushi wote. Ndani ya hiyo sauti kuna sayansi ya kweli, tena nzuri sana, kazi ambayo mimi mwenyewe nimeifanya miaka mingi, ila aliyerekodi kaichanganya na vitu vingine mpaka imekuwa kitu cha kunyima watu usingizi.

Tatizo lote lipo kwenye neno "kabla". Kuna kabla ya tetemeko kutokea, halafu kuna kabla ya mtikisiko kukufikia wewe hapo ulipo, na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Tetemeko likishaanza kule chini, mtikisiko unasafiri, unachukua sekunde au dakika mpaka ufike kwa watu. Hicho kipindi kifupi ndo mvutano wa dunia unaweza kutusaidia. Hicho kingine, cha siku na wiki kabla mwamba haujakatika, hakuna mtu duniani anayekiweza leo, si kwa setilaiti wala kwa chombo kingine chochote. Sasa nikueleze kwa nini.

Kila kitu chenye uzito kinavuta. Mlima unavuta, ziwa linavuta, hata mwamba ulioko kilometa 30 chini ya jiko lako unakuvuta. Mvutano unaoupata hapo ulipo ni jumla ya vyote hivyo, kwa hiyo mawe au maji mengi yakihama kutoka huku kwenda kule ile jumla inabadilika kidogo. Na tetemeko kubwa ndo linafanya hivyo hasa. Bamba moja la ardhi linakwama kwenye lingine kwa mamia ya miaka, siku likichomoka sakafu ya bahari inanyanyuka upande mmoja na kudidimia upande mwingine, na mawe ya chini yanabanwa huku, yanalegea kule. Uzito umehama, mvutano nao unafuata.

Lakini unabadilika kiasi gani? Hapa ndo ile sauti ilipopotea. Tunapima kwa kipimo kinaitwa gali, kimepewa jina la Galileo, na mvutano wa dunia ni kama gali 980. Mabadiliko tunayoyatafuta sisi ni ya maikrogali, yani chukua gali moja uigawe mara milioni. Tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004, ukubwa 9.1, lile lililoleta tsunami mpaka pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania, setilaiti zilipima kwamba lilibadilisha mvutano kwa kama maikrogali 15 hivi, sehemu nyingine umeongezeka, nyingine umepungua. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni chini ya miligramu moja, kama punje moja ya sukari. Sasa fikiria, ukinyanyuka tu kutoka kwenye kigoda umepanda kama sentimeta 45, umeenda mbali kidogo na katikati ya dunia, na mvutano wako umepungua karibu maikrogali 140. Yani kila ukisimama kuangalia chungu unapata mabadiliko mara tisa zaidi ya yale ya Sumatra, na hujawahi kujisikia mwepesi. Hakuna mwili wa binadamu wala wa ng'ombe unaohisi hicho kitu. Mbwa wanaweza kushtuka sekunde chache kabla yetu sababu mawimbi ya kwanza ya tetemeko ni dhaifu, sisi hatuyasikii vizuri ila wao huenda wanayasikia, na hapo tayari tetemeko limeshaanza.

Mwezi je? Ni kweli mwezi na jua vinavuta dunia, ndo maana bahari inakupwa na kujaa, na kwenye vyombo vyetu tunaona mvutano ukipanda na kushuka kila siku, mpaka maikrogali 200 hivi wakati wa mwezi mpevu na wa mwezi mwandamo. Umeona ilivyo, mwezi peke yake kila siku unafanya kazi kubwa kuliko Sumatra, na dunia haipasuki. Kuna watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2016 kwamba matetemeko makubwa sana yana uwezekano kidogo wa kutokea zaidi wakati huo mvuto wa mwezi na jua unapokaza miamba kwa nguvu, na mimi naamini waliifanya kazi yao vizuri, lakini tofauti yenyewe ni ndogo mno, haitoshi kumwambia mtu yeyote alale nje. Miezi mipevu inapita kumi na mbili au kumi na tatu kwa mwaka. Hesabu mingapi imepita Bukoba tangu 2016.

Na hiyo app, dada yangu, ifute leo hii. Ndani ya simu kuna kichipu kinachojua simu imelalia upande gani na inatikisika kiasi gani, basi. Makosa ya hicho kichipu peke yake yanafika maikrogali laki moja na zaidi, kwa hiyo kutafuta maikrogali 15 humo ni kama kutafuta mnong'ono kwenye mashine ya kusaga. Namba zilizokukesha ni joto la simu, mkono wako, na kichipu chenyewe kuhangaika. Simu zinaweza kusaidia kwa namna nyingine, kwamba simu nyingi za mji mmoja zikihisi mtikisiko kwa pamoja mfumo unajua kuna tetemeko, simu za Android zina huduma ya namna hiyo kwenye baadhi ya nchi, ila hapo zinapima mtikisiko. Mvutano haumo kabisa.

Nikuonyeshe kidogo tunavyopima, ili mtu mwingine akikuletea habari za namna hii uwe na cha kumuuliza. Gravimita ya kubeba ni boksi la kama ndoo ndogo, ndani kuna kauzito kamening'inia kwenye springi. Unafika asubuhi, unaliweka kwenye miguu mitatu, unazungusha skrubu za miguu taratibu mpaka povu likae katikati, mwenzako anashika mwavuli sababu jua likilipiga upande mmoja springi inabadilika. Halafu unasubiri. Lori likipita barabarani namba zinaruka, unasubiri tena. Upepo ukitikisa mti ulio jirani unaona. Unasoma mara kadhaa, unahamia kituo kinachofuata, na jioni lazima urudi pale ulipoanzia asubuhi upime tena, maana springi yenyewe inachoka kidogo kidogo kutwa nzima na usipoijua imechoka kiasi gani kazi yote ya siku haina maana. Na urefu wa kituo lazima uujue mpaka sentimeta, kwa sababu sentimeta moja tu ya kupanda ni maikrogali tatu.

Mwaka mmoja nilirudi kwenye kituo nilichokipima miezi sita nyuma nikakuta tofauti ya maikrogali 25. Moyo ulinidunda kwelikweli. Nikapima tena, nikapima kesho yake, ipo palepale. Nikaanza kuwaza mambo ya magma, yani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, na mabamba, mpaka mzee mmoja wa pale akanipeleka kwenye kisima chake, maji yalikuwa yamepanda karibu meta tatu baada ya masika. Kwenye udongo wenye nafasi za maji kama asilimia 20, meta tatu za maji kupanda zinatoa maikrogali 25 kamili. Ardhi haikuwa na shida yoyote, ni mvua tu. Tangu siku hiyo kabla sijamuuliza mwamba naanza kuuliza kisima, na kila nikisikia mtu kaona "mabadiliko ya mvutano" swali langu la kwanza ni maji yalikuwa wapi.

Sasa setilaiti. Mwezi Machi 2002 Marekani na Ujerumani walirusha setilaiti mbili zinazofuatana kwenye njia moja, umbali wa kama kilometa 220 kati yao, mradi ukaitwa GRACE. Ile ya mbele ikikaribia eneo lenye uzito zaidi inavutwa kwanza, inamwacha mwenzake kidogo, halafu na wa nyuma naye anavutwa. Huo umbali kati yao walikuwa wanaupima kwa usahihi wa maikromita, chini kabisa ya unene wa unywele. Zilifanya kazi mpaka 2017, na Mei 2018 zikarushwa nyingine mbili zinazoendelea hadi leo. Kazi yao kubwa sio matetemeko, ni maji: barafu ya Greenland inayoyeyuka, maji ya ardhini India, na hata Ziwa Victoria lako hapo, lilivyoshuka miaka ya 2003 mpaka 2006 lilionekana kutoka angani kwa mvutano wake. Na data zenyewe zipo wazi, mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bure, kwa hiyo hilo la serikali kuficha halipo kabisa.

Ila setilaiti hizi zina mipaka miwili mikubwa. Ramani kamili zinatoa moja kwa mwezi. Na jicho lao ni pana, haliwezi kutofautisha kitu kidogo kuliko kama kilometa 300. Kwa hiyo waliona alama ya Sumatra 2004, wakaona ya Chile Februari 2010, wakaona ya Japani Machi 2011, zote baada ya kutokea, na ilikuwa kazi ya maana sana, maana sehemu kubwa ya mpasuko ipo chini ya bahari ambako hakuna mtu wa kwenda kupima kwa mkono. Ni kama kuliona kovu. Kidonda kinachokuja hawakioni.

Najua utaniuliza, na hizo habari kwamba waliona kabla? Zina chanzo, nitakuwa mkweli. Mwaka 2018 kundi la watafiti wakiongozwa na Isabelle Panet wa Ufaransa walichapisha kwamba kwenye data za GRACE za miezi ya kabla ya tetemeko la Japani waliona badiliko la mvutano kutoka kina kirefu likisogea kuelekea eneo lililopasuka. Ni watu makini, sio matapeli. Lakini walikuwa wanaangalia nyuma, wanajua tayari tetemeko lilitokea wapi na lini. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakapitia data za namna ileile wakaonyesha kwamba ishara zinazofanana na ile zinajitokeza pia sehemu nyingine na nyakati nyingine ambapo hakuna tetemeko lolote. Mimi nipo upande wa hao wa pili. Ningefurahi mno siku moja nionekane nilikosea, ila ishara inayolia hata pasipo na moto huwezi kuitumia kuhamisha mji.

Na hili la kuhamisha mji lina historia yake. Wachina walijitahidi kutafuta dalili za tetemeko kuliko karibu kila mtu, mvutano ukiwa mmoja wa vitu wanavyopima. Tarehe 4 Februari 1975 walitoa watu nje pale Haicheng kabla ya tetemeko la 7.3 na wengi wakapona, dunia nzima ikashangilia. Ila kilichowasaidia zaidi ni mfululizo wa vitetemeko vidogo vilivyotangulia. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 28 Julai 1976, mji wao mwingine, Tangshan, ukapigwa usiku, vitetemeko vya kutangulia havikuwepo na wala onyo halikuwepo, watu zaidi ya 240,000 wakafa. Nikisikia mtu anatangaza tarehe ya tetemeko kwenye WhatsApp hiyo Tangshan ndo inayonijia kichwani, kwa sababu kama kuna watu wangeweza, wale wangeweza.

Sasa nikueleze ile sehemu nzuri, hiyo "kabla" ya pili. Mtikisiko wa kwanza wa tetemeko unasafiri kwenye mwamba kama kilometa 6 mpaka 8 kwa sekunde. Ni kasi, lakini badiliko la mvutano linaenda kwa kasi ya mwanga, yani papo hapo. Mwamba ukianza kupasuka na kubana mawe ya jirani yake, uzito unaanza kuhama sekunde ileile, na chombo kilichoko mbali kinaweza kuvutwa tofauti kabla hakijatikiswa. Wanasayansi walilijua hili kwa hesabu muda mrefu kidogo, shida ilikuwa kuliona, sababu badiliko lenyewe ni kama sehemu ya kumi ya maikrogali moja, na ardhi iliyobeba chombo nayo inavutwa pamoja nacho, kwa hiyo sehemu kubwa inajifuta yenyewe.

Lilionekana kwenye tetemeko la Japani la tarehe 11 Machi 2011. Kuna gravimita kwenye mgodi wa Kamioka, kama kilometa 500 kutoka tetemeko lilipoanzia, ndani yake kuna kigololi cha madini ya niobiamu kinaelea hewani kwa sumaku, kimepozwa kwa heliamu mpaka karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, hakuna springi ya kuchoka. Mwaka 2016 Jean-Paul Montagner na wenzake wakaonyesha dalili kwenye data za chombo hicho, na 2017 Martin Vallée na wenzake wakaionyesha vizuri zaidi kwenye vipima mitetemo vya kawaida vya vituo kadhaa. Kituo kimoja kipo kaskazini mashariki mwa China, kama kilometa 1,300 kutoka kwenye tetemeko. Mawimbi ya kwanza yalichukua zaidi ya dakika mbili na nusu kufika pale, na ndani ya hizo dakika mstari kwenye karatasi ulikuwa umeshaanza kuinama taratibu, kimya kimya, kabla ya kitu chochote kutikisika. Mara ya kwanza nilipouona ule mchoro nilikaa nao kwa muda mrefu tu.

Faida yake ni nini? Sio kujua kwamba tetemeko lipo, vyombo vya Japani vililijua hilo ndani ya sekunde chache. Faida ni kujua ukubwa. Siku ile, saa nane na dakika 46 mchana, tetemeko lilikuwa kubwa mpaka vipimo vya haraka vikalemewa. Tahadhari ya kwanza ya tsunami ilitoka dakika tatu baadaye ikisema ukubwa 7.9, mawimbi ya meta 6 mkoa wa Miyagi na meta 3 mikoa ya Iwate na Fukushima. Ukweli ulikuwa 9 na zaidi. Marekebisho ya meta 10 yalikuja kama dakika 28 baada ya tetemeko, na wakati huo umeme ulikuwa umekatika sehemu nyingi, na wapo waliokuwa wameshaamua kwamba ukuta wao wa kuzuia bahari unatosha. Waliokufa na ambao hawakuonekana tena walikuwa zaidi ya 18,000. Mwaka 2022 Andrea Licciardi na wenzake wakafundisha programu ya kompyuta kusoma hizo ishara za mvutano, wakaijaribu kwenye data za siku ile, ikawa na uwezo wa kufuatilia ukubwa halisi wa tetemeko karibu papo hapo kadiri lilivyokuwa linakua. Ila inaweza tu kwa yale ya 8.3 hivi kwenda juu, madogo zaidi ya hapo yanamezwa na kelele za ardhi.

Hapo ndo lilipo jibu la "mbona sisi hatuambiwi". Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9. Liliua watu zaidi ya 15 na likavunja maelfu ya nyumba, lakini kwa nguvu, lile la Japani ni kubwa kama mara 60,000. Mvutano liliobadilisha hakuna chombo cha angani wala cha ardhini kingeweza kuuona. Halafu lilikuwa karibu mno na mji, mtikisiko ulifika ndani ya sekunde chache, hata mfumo bora kuliko yote duniani ungekupa muda wa kugeuka tu. Bonde letu la Ufa linatanuka kwa milimeta chache kwa mwaka, linatoa matetemeko ya kadiri, na mara chache makubwa kama lile la Rukwa 1910 au la Ziwa Tanganyika Desemba 2005, lakini yale ya 9 yanatoka kwenye mipaka ya mabamba yanayozamana chini ya bahari, sio huku kwetu. Mtu wa Tanga, Lindi au Mombasa yeye ana sababu ya kuifuatilia hii teknolojia, maana tsunami ya Sumatra ilichukua masaa kumfikia na onyo zuri linamkuta bado yupo hai.

Kwa hiyo wewe pesa na muda wako viweke kwenye ukuta. Chukua penseli, kila ufa weka alama pale ulipoishia, andika na tarehe pembeni, upime upana kwa rula. Rudia kila mwezi. Ufa mwembamba wa plasta usiosogea hauna shida. Ila ukiona ufa unaokatiza kwa mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, unaoingiza kidole, unaopita mpaka upande wa pili wa ukuta, au ukuta unaoanza kuachana na mwenzake kwenye kona, usisubiri rula na wala usiulize mtandaoni, mwite mhandisi aje aone kwa macho yake. Mhandisi wa halmashauri yupo, nenda ofisini kwao umwombe, fundi peke yake hatoshi kwa hilo. Muulize hasa habari ya lenta, kama zege linazunguka nyumba nzima bila kukatika, na habari ya ile pembetatu ya matofali iliyobeba kenchi, sababu hiyo huwa ya kwanza kudondoka, na hudondokea mlangoni. Mkiwa mnasubiri marekebisho, hamisha vitanda vya watoto mbali na ukuta ulioharibika. Mtikisiko ukianza, aliye mlangoni kabisa atoke mpaka uwanjani mbali na kuta, aliye ndani sana aingie chini ya meza imara afunike kichwa mpaka upite. Mkihisi vitetemeko vinavyojirudia kwa siku kadhaa, wataalamu wa kuwauliza ni wale wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST.

Na huyo mtoto anayeshtuka lori likipita, miaka yote hii, naye anahitaji kuonwa. Sio utundu wala sio woga wa kukemewa. Mpeleke hospitali ya mkoa, uliza huduma ya afya ya akili au ustawi wa jamii, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi. Nyumbani mpe kazi ya kushika ile penseli, yeye ndo apime nyufa kila mwezi na kuandika tarehe kwenye daftari lake. Baada ya miezi mitatu nitumie hizo namba zake, nitazisoma moja moja.